Akili Kwenye Sahani: Maswali Yenu Kuhusu Kula kwa Utulivu

Toleo lililopita niliandika kidogo tu kuhusu kula kwa utulivu, yaani kula huku akili yako iko kwenye chakula na kwenye mwili wako, sio kwenye simu wala kwenye deni la watu, na maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyopewa. Nimeyasoma yote. Yanayofanana nimeyaunganisha, majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Naanza na lile ambalo wengi mmeuliza kwa namna moja ama nyingine.

SWALI: Dada wa Lishe mambo vipi, mi ni kijana nauza vifaa vya simu Kariakoo. Mchana nakula hapo hapo dukani, mama ntilie analeta sahani, wali maharage au ugali samaki, nakula huku nahudumia wateja huku naangalia simu, dakika tano sahani imeisha. Cha ajabu ikifika saa tisa njaa inauma tena kama vile sijala, naongeza soda na chapati. Jioni tumbo limejaa gesi. Sasa we unasema tule polepole, huo muda nautoa wapi na wateja wako mlangoni?

JIBU: Mdogo wangu nakuelewa, Kariakoo mteja akiona hujamjali anavuka barabara anaenda kwa jirani. Sikuambii ufunge duka saa zima. Ila ngoja kwanza nikueleze kinachotokea tumboni, manake ukishakielewa hizo dakika utazitafuta mwenyewe.

Taarifa ya kushiba haifiki kichwani papo hapo. Tumbo likianza kutanuka linapeleka taarifa kupitia mishipa ya fahamu, halafu chakula kikishaingia kwenye utumbo mdogo, utumbo nao unatoa homoni za kuuambia ubongo kwamba inatosha, na shughuli yote hiyo inachukua kama dakika 15 mpaka 20 tangu uanze kula. Homoni mojawapo inaitwa GLP-1, na zile sindano za kupunguza uzito zinazosemwa sana mitandaoni, semaglutide, zinafanya kazi kwa kuiga hiyo hiyo. Ya kwako haina nguvu ya sindano lakini ipo, tena bure, sema we sahani unaimaliza dakika ya tano, kabla haijaanza kazi.

Njaa ya saa tisa ina mambo mawili. La kwanza ni sahani yenyewe, wali mwingi na maharage yamemwagiwa juu kidogo, mchicha wa kuonja tu, na wali mweupe hauchukui muda mrefu kusagika. Mwambie mama ntilie apunguze wali aongeze maharage na mboga za majani, hela ile ile, wengi wao ukiwaomba vizuri hawakatai. La pili ni kumbukumbu, na hili watu hawalijui. Ubongo unatumia kumbukumbu ya mlo uliopita kuamua una njaa kiasi gani. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu anayekula huku anaangalia televisheni au simu anakula zaidi pale pale, na mara nyingi anakula zaidi hata mlo unaofuata, kwa sababu ule wa kwanza haukuandikika vizuri kichwani. Wewe wali wa saa saba uliula, ila akili yako ilikuwa kwenye klipu ya mpira.

Sasa la kufanya. Sahani ikija, simu itie mfukoni, kaa chini hata kwenye ndoo iliyopinduliwa, na matonge matatu ya kwanza yape akili yako yote. Matatu tu, sijasema sahani nzima. Angalia mvuke unavyopanda, nusa ile nazi kwenye maharage, sikilizia ulimini kama kitunguu kimeungua kidogo, kama chumvi imezidi au haijafika, kama wali ni wa leo au kiporo kimepashwa. Tafuna mpaka tonge lilainike kabisa ndo umeze, na ndo uchukue lingine, usitafune hili huku mkono umeshabeba lile. Mteja akiingia, funika sahani, mhudumie, ukirudi anza tena na tonge moja la utulivu. Ukifika nusu ya sahani simama kidogo ujiulize, bado nina njaa au namalizia tu kwa sababu kipo? Kama bado una njaa endelea kula kwa raha zako, hakuna aliyekukataza. Kama umeshiba, kilichobaki kitie kwenye kontena, ndicho hicho cha saa tisa badala ya soda, manake soda ya mililita 300 ina sukari inayopita gramu 30, vijiko vya chai saba au nane, na gesi juu.

Na hiyo gesi ya jioni sehemu kubwa inatoka hapo, ukila mbio unameza na hewa. Ukitaka kuona kutafuna kunafanya nini chukua kipande cha mhogo wa kuchemsha, hauna chumvi hauna nazi, tafuna bila kumeza dakika nzima. Utaona unaanza kuwa mtamu. Ni mate yako yanageuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo kazi ya kusaga chakula inaanzia mdomoni, na mtu anayemeza mabonge ameliachia tumbo kazi ambayo halina meno ya kuifanya.

Wengine mmeniuliza hii kitu imetoka wapi, kama ni ya Wazungu au ni dini fulani. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya utulivu kwa wagonjwa wa maumivu sugu kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani, na zoezi linalojulikana sana ni la kula zabibu kavu moja, unaitazama, unainusa, unaiweka ulimini, unaitafuna taratibu kana kwamba hujawahi kuiona. Mi nafundisha kwa tende au karanga moja ya kukaanga, matokeo ni yale yale. Ila bibi zetu waliotukalisha kwenye mkeka kuzunguka sinia moja, wakatukataza kuongea na tonge mdomoni, wakatuambia kula kilicho mbele yako usivamie upande wa mwenzio, walikuwa wanatufundisha nini kama sio hiki? Kwenye sinia la watu sita huwezi kula umezubaa.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 68, naishi Tanga, nina kisukari cha miaka mingi pamoja na presha. Kijana wangu alinisomea makala yako akasema baba basi usile mpaka usikie njaa, sikiliza mwili. Asubuhi nameza glibenclamide ya sukari na atenolol ya presha. Juzi nikakaa mpaka saa saba mchana sijatia kitu mdomoni, nikaanza kutoka jasho na maneno yakawa hayapangiki. Je niendelee hivi hivi mwili utazoea?

JIBU: Shikamoo baba. Hapana, usiendelee, na kijana akusomee hili jibu lote kama alivyokusomea ile makala.

Glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, iwe umekula au hujala. Ukiimeza ukakaa bila chakula sukari inashuka, na hilo jasho na maneno kutopangika ndio dalili zenyewe. Tena atenolol inazificha dalili nyingine, mkono hautetemeki na moyo hauendi mbio kama ambavyo ungeenda, kwa hiyo mwili unaweza kuwa hatarini na usikwambie. Kwa mtu mwenye dawa kama zako, au anayechoma insulini, saa ya kula inapangwa na dawa, haipangwi na njaa. Utulivu kwako unaanzia pale chakula kimeshafika mezani: anza na mboga za majani na samaki au maharage, ugali uje mwishoni na uwe kiasi, hivyo sukari haipandi kwa kasi, na kula taratibu kunakusaidia kusimama kabla hujavimbiwa.

Hali ile ikirudi, pima kama una mashine, na ikisoma chini ya 4 kwa kipimo cha mmol/L, au huna mashine lakini dalili ni zile zile, kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, subiri dakika 15, kama hujakaa sawa rudia, kisha ule chakula kamili. Watu wa nyumbani wajue kwamba ukipoteza fahamu wasikutilie kitu chochote mdomoni, wakukimbize hospitali. Na hii ya juzi kamweleze daktari wako wiki hii hii baba, usingoje tarehe ya kliniki. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yenyewe inasema glibenclamide haifai kwa waliozidi miaka 60, zipo nyingine salama zaidi kwa umri wako. Usiiache mwenyewe kabla hajakubadilishia.

Na nyie vijana mnaowasomea wazazi makala, ahsanteni sana kwa kuwajali, ila kwanza ulizeni mzee anameza dawa gani.

SWALI: Habari dada, mimi niko Nakuru, mama wa watoto watatu. Mchana sili, niko kazini na pia nataka kupunguza mwili. Shida ni usiku. Watoto wakilala naanza kumaliza chenye wameacha kwa sahani, halafu mkate, halafu zile biskuti zao za shule, nakula nimesimama hapo kwa sinki, hata sisikii njaa, nafikiria tu karo na kodi ya nyumba. Nikimaliza najichukia sana. Nimefanya dayati mingi haziendi mbali. Hii ya kula kwa utulivu itanipunguza kilo?

JIBU: Pole mama, na asante kwa kuandika jambo ambalo wengi wanalificha.

Nianze na kilo ili tusidanganyane. Anayeuza kula kwa utulivu kama dawa ya kupunguza mwili anaahidi kitu ambacho hakina uhakika, kuna wanaopungua na kuna ambao uzito unabaki pale pale. Kinachoonekana zaidi ni kwamba inasaidia ule ulaji wa kupitiliza na kula kwa sababu ya mawazo, na hilo ndilo linalokusumbua wewe. Kwa hiyo mizani ifiche chini ya kitanda kwa sasa, tushughulike na usiku.

Usiku wako unaanzia mchana. Mwili umekaa tangu asubuhi na chai tu, umefanya kazi, umepanda matatu, umepika, umesimamia homework ya watoto watatu, halafu saa nne usiku nyumba inanyamaza na ndiyo mara ya kwanza unabaki peke yako. Njaa ya mchana kutwa na uchovu na karo vyote vinakuja kwa wakati mmoja, na ukiwa hulali vizuri homoni ya njaa nayo inapanda. Hapo hata mtu mwenye nidhamu ya jeshi angefungua ule mkate. Usijiite mlafi.

Kwa hiyo mchana kula. Githeri, au ugali na sukuma na ndengu, chakula cha kweli, ukiwa umeketi. Jioni kula pamoja na watoto, sahani yako mwenyewe, usingoje masalio. Wakimaliza, chakula chenye wameacha kitiwe kwa bakuli lenye kifuniko kabla hujagusa vyombo. Halafu wakilala, ukisikia mkono unaenda kwa mkate, jiulize swali moja: kama kungekuwa na githeri baridi tu hapa, ningeila? Njaa ya tumbo inakubali githeri baridi. Ile ya mawazo inakuja ghafla, inataka kitu kimoja tu, na ukishiba bado iko. Kama ni ya tumbo, pakua, keti, washa taa, kula. Kama ni ya mawazo bado sijakukataza, unaweza kula ukitaka, lakini weka kwa sahani, keti, na ujiambie wazi sasa hivi nakula kwa sababu ya karo. Halafu chukua kalamu uandike hiyo karo ni ngapi na imebaki ngapi, au umpigie mtu unayemwamini. Mkate hauwezi kuongea na bursar wa shule, wewe unaweza, na wengi hukubali kulipwa kidogo kidogo mzazi akienda mwenyewe mapema.

Hizo biskuti pia zina yao. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake kwenye taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya hospitali mwezi mmoja, wiki mbili wanapewa vyakula vya kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa sana, milo yote imelinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na chumvi, na kila mtu ale anavyotaka. Kwenye vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja ndani ya hizo wiki mbili, na pia walikula kwa kasi zaidi. Vitu laini vinavyoyeyuka mdomoni vinakupita kabla hujajua umekula. Kwa hiyo biskuti za shule nunua za siku chache, usiweke katoni nzima kwa kabati, badala yake weka ndizi, njugu, mayai ya kuchemsha, vitu vinavyotaka kutafunwa.

Kule kujichukia ndiko kunaleta dayati ya Jumatatu, na dayati ya Jumatatu ndiyo inaleta mkate wa Alhamisi. Na kama unaona inatokea kila wiki kwa miezi, huwezi kusimama hata ukitaka, unajificha ukila, au umeanza kujitapisha au kumeza dawa za kuendesha tumbo, huo ni ugonjwa na unatibika, muone daktari au mshauri nasaha, usipambane nao peke yako kwa sinki.

SWALI: Assalaam aleikum dadangu. Mimi wa Mombasa, nafunga Ramadhani na pia Jumatatu na Alhamisi. Maghrib ikiadhiniwa siwezi kujizuia, kaimati, sambusa, viazi karai, uji, mahamri, vyote kwa pamoja, mpaka nikienda kuswali Isha nashindwa hata kurukuu. Utulivu na njaa ya swaumu wapi na wapi?

JIBU: Waaleikum salaam kakangu. Mpangilio unao tayari, tatizo tunauruka. Tende na maji, kisha unaswali Maghrib, kisha ndo unarudi kwenye futari. Zile dakika za swala ndizo mwili unazitumia kupokea ile tende na kuanza kujipanga, ukirudi njaa imeshatulia na mkono hautetemeki tena. Na ile tende yenyewe usiimeze kama kidonge, ni kitu cha kwanza tangu alfajiri, itafune.

Kisha uji kwanza, wa moto, ambao hata ukitaka huwezi kuunywa mbio. Halafu chakula chenye mboga na maharage au samaki, na vya kukaanga viwe vya kuonja, sambusa moja, kaimati mbili, ukizila kwa makini utaona zinakutosha, ni zile za tano na sita ambazo huna hata habari nazo. Hadithi ya theluthi unaijua, ameipokea Tirmidhi, theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Kule kisiwa cha Okinawa, Japani, nao wazee wao wana kanuni ya kusimama tumbo likifika asilimia 80. Watu wa mbali kabisa na sisi wameona jambo lile lile.

Na aliyekaa jikoni tangu alasiri anakaanga hizo sambusa, mngojeeni akae na nyie ndo mle. Futari nyingi nilizoziona mpishi ndiye wa mwisho kukaa, tena anakula vilivyobaki huku anaulizwa chai iko wapi.

SWALI: Dada habari za nyumbani, niko Muscat nafanya kazi za ndani, natokea Morogoro. Chakula hapa kipo kingi tu, shida yangu sili nikiwa nimekaa. Nikishawapakulia nakula nimesimama jikoni, natia wali mdomoni huku nasikilizia kama naitwa. Usiku nikilala kifua kinawaka moto. Makala yako niliipenda ila naona ni ya watu wenye meza zao.

JIBU: Mdogo wangu, hili swali lako limenikaa rohoni, na naomba niseme wazi kwamba hapo hujakosea kitu. Mtu anayekula huku masikio yako mlangoni mwili wake uko kwenye tahadhari, moyo uko juu, na mwili ukiwa kwenye tahadhari unapunguza kazi ya kusaga chakula. Ndo maana wali unakukaa kifuani.

Anza na hili. Unapopakua chakula chao, pakua na cha kwako hapo hapo, kwenye sahani yako, kifunike uweke pembeni. Usile vya kwenye sufuria wala vilivyorudi. Wao wakiwa wanakula huwa kuna dakika kadhaa hawana cha kukuitia, hizo ndo zako. Kaa, hata kama ni kwenye kigoda au ngazi ya mlango wa nyuma. Vuta pumzi taratibu mara tatu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hiyo inaushusha mwili kabisa, halafu ndo tonge la kwanza. Ukiitwa katikati nenda, ukirudi vuta pumzi tena. Sahani ni ya kwako na inakusubiri.

La pili, omba muda. Chagua siku nyumba imetulia, useme kwa adabu kwamba una tatizo la tumbo na umeshauriwa kukaa dakika 15 wakati wa kula. Hujaomba kikubwa. Familia nyingi za Oman zina asili ya Zanzibar na wazee wao wanaongea Kiswahili vizuri, kama hapo yupo bibi wa namna hiyo anza na yeye, mara nyingi ndiye mwenye neno. Wao wenyewe wakila wanakaa chini pamoja kuzunguka sinia, wanajua thamani ya kula umekaa.

Kifua kinachowaka ni kiungulia. Jitahidi kati ya kula na kulala zipite saa mbili au tatu, usiku kula kidogo mchana ndo ushibe, punguza pilipili na vya mafuta na kahawa jioni, inua kitanda upande wa kichwa kwa kuweka mbao au matofali chini ya miguu yake. Ikiwa chakula kinakwama ukimeza, unatapika damu, choo kimekuwa cheusi, au unakonda bila sababu, sema mara moja upelekwe hospitali, usinywe tu dawa za dukani.

Simu mezani nawakataza watu wote humu, ila wewe nakuruhusu. Muscat iko mbele ya Morogoro saa moja tu, siku ukiwa na nafasi mpigie mama wakati na yeye anakula, mle pamoja mkiongea. Kula na mtu wako ni utulivu pia.

Na kwa wengine mlio huko mnaosoma hili: ukinyimwa chakula au ukizuiwa kula mpaka usiku, hilo limetoka kwenye mambo ya lishe, wasiliana na ubalozi wa nchi yako na uwaambie ndugu nyumbani mapema.

SWALI: Dada naomba ushauri, niko Arusha, mwanangu ana miaka minne. Anakula kidogo anasema nimeshiba. Mama mkwe anaishi na sisi, anamlazimisha amalize sahani, fimbo iko mezani. Mimi nimezoea kumuwekea katuni kwenye simu ili afungue mdomo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa hili wote wawili muache, nasema kwa heshima zote. Mtoto mdogo anajua ameshiba vizuri kuliko sisi watu wazima. Akimezeshwa kwa fimbo anajifunza kwamba shibe yake haina maana, akimezeshwa kwa katuni haisikii kabisa, na hao ndio baadaye wanaoniandikia kama yule wa Kariakoo.

Mama mkwe ana hoja kwenye jambo moja, chakula kisitupwe, na waliolelewa wakati wa shida hawawezi kuangalia ugali unaenda kwenye ndoo. Kwa hiyo pakua kidogo. Kipande cha ugali cha kujaa kiganja chake, sio chako, mboga, kipande cha samaki kilichotolewa miiba, na akitaka ataongezwa. Mtaalamu wa lishe wa Marekani Ellyn Satter aliligawa vizuri hili jambo: mzazi anaamua ni chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua atakula kiasi gani, au hata asile. Kila mmoja akikaa kwenye upande wake vita inaisha. Lakini saa za kula ziheshimiwe, milo mitatu na vitafunwa mara mbili, hapo katikati ni maji tu, manake wengi wanaoitwa hawali unakuta wamekunywa juisi na kula biskuti nusu saa kabla.

Mama mkwe usimwondoe mezani, mpe kazi. Akae karibu na mjukuu, ale naye sahani moja, amuonyeshe kumega tonge na kuchovya mchuzi, amuulize hii mchicha leo ina chumvi? Maneno ya kumwambia kuhusu fimbo mwachie mumeo, ni mama yake, atasikika vizuri zaidi. Katuni punguza kwa mlo mmoja mmoja, anza na wa mchana. Siku za mwanzo atakula kidogo zaidi na roho itakuuma, vumilia.

Ila kabla ya yote mpeleke kliniki na kadi yake. Kama mstari wa uzito kwenye kadi unapanda vizuri, huyo anakula kinachomtosha. Kama umelala au unashuka, au mzunguko wa mkono wake ukipimwa kwa ule utepe wa rangi unafika njano, yaani chini ya sentimita 12.5, au nyekundu chini ya 11.5, hapo sio suala la kusikiliza shibe tena, anahitaji matibabu ya lishe siku hiyo hiyo. Muulize nesi pia kuhusu dawa ya minyoo, na mwambie kama mtoto anakula udongo au anachoka haraka, apimwe na damu.